Mama Aliyesema Hana Kazi

*Barua za wasomaji na majibu ya Mwalimu*

Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kuliko kawaida, maana jambo lake limenikaa moyoni miaka mingi. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: nilifundisha shule za msingi mkoani Singida kwa miaka 19, kisha nikawa mdadisi wa tafiti za kaya, na baadaye msimamizi wa wadadisi na mfasiri wa madodoso. Naandika kwa niliyoyaona huko.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu unahusu kipato cha akina mama vijijini na lishe ya watoto wao. Dodoso nililipata kwa Kiingereza, nikalitafsiri, kisha rafiki yangu akalirudisha kwenye Kiingereza ili kulihakiki. Likafanana kabisa na la awali. Sasa nimerudi kutoka kijijini na data zangu hazieleweki. Zaidi ya nusu ya akina mama wamejibu kwamba hawafanyi kazi yoyote, na wengi wao niliwakuta wakitoka shamba. Wengine wamejibu "ndiyo" kwenye swali la kulala njaa, halafu maswali mawili mbele wanasema chakula hakijawahi kukosekana nyumbani. Msimamizi wangu ananishauri niwafute wote "waliodanganya". Nimekuambatishia dodoso. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Usimfute hata mmoja. Nimelisoma dodoso lako mara mbili, na sijaona mama aliyekudanganya.

Nianze na hilo la kazi. Kiangazi kimoja, wilayani Manyoni, nilimsimamia kijana mmoja aliyekuwa mdadisi kwa mara ya kwanza. Tulimkuta mama ameketi uani juu ya kigoda, mbele yake turubai limejaa vichwa vya alizeti, anavipiga kwa fimbo na mbegu zinaruka. Pembeni palikuwa na gunia moja limeshashonwa mdomo. Kwenye kivuli cha jiko palikuwa na ndoo ya togwa imefunikwa sahani, na juu ya sahani kikombe cha plastiki. Kijana akasalimia vizuri, akapewa kiti, akafungua dodoso na kuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

Mama akajibu, "Sina kazi, mwanangu. Nipo nipo tu nyumbani."

Kijana akaweka alama kwenye kisanduku cha "hafanyi kazi". Maelezo ya kisanduku kile yalisema: ruka, nenda swali la 41. Kwa alama hiyo moja maswali yote ya shamba, mauzo, saa za kazi na fedha yakapitwa. Wakati anafunua kurasa, mtoto aliingia uani na sarafu mkononi. Mama akainuka, akamchotea togwa, akapokea sarafu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudi kwenye alizeti yake.

Nilimwomba kijana anipishe kidogo. Nikamuuliza yule mama, "Mama, hapa nyumbani unajishughulisha na nini?" Akacheka, na mikono haikusimama. "Ah, shughuli hizo ndiyo usiseme!" Akaanza kunihesabia: alizeti ekari mbili, moja yake na moja ya mumewe, lakini anayepalilia zote ni yeye, uwele wa chakula, togwa siku zote na pombe siku za mnada, kuku, na msimu wa kupalilia huenda vibarua kwa majirani. Tulijaza kurasa nne.

Huyo mama hakubadilisha maneno yake. Sisi ndio tuliobadilisha swali. Kwenye masikio ya watu wengi wa vijijini kwetu, "kazi" ni ile yenye mwajiri na mshahara. Mwalimu ana kazi, nesi ana kazi, dereva wa halmashauri ana kazi. Mwenye kulima, kuuza na kulea ana shughuli. Ukimuuliza kama ana kazi, anasikia umemuuliza kama ameajiriwa, naye anakujibu ukweli mtupu. Hata mabingwa wa takwimu za kazi duniani walilazimika kuligusa jambo hili. Mwaka 2013, katika mkutano wao ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani, walitenganisha kazi na ajira: kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya mwenyewe au ya wengine, na ajira ni ile ya malipo au faida. Dodoso lako limechanganya hayo mawili, halafu likamwachia mama azibe pengo.

Kwa hiyo ukirudi kijijini, na itakubidi urudi, usiulize kama anafanya kazi. Taja kitu kimoja kimoja. "Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hadi Jumapili, ulilima? Ulivuna? Uliuza chochote, hata nyanya za mia tano? Ulikwenda kibarua? Ulimsaidia mtu wa nyumbani kwenye biashara yake?" Ni maswali mengi, najua, na yanachosha mgongo. Lakini kila moja mama anajua jibu lake bila kufikiri.

Sasa swali la njaa. Umeliandika hivi: "Je, katika mwezi uliopita hujawahi kulala njaa?" Najua kwa nini umeliweka hivyo. Umeona aibu kumkabili mtu mzima na kumuuliza kama alilala njaa, ukatafuta namna ya kulilainisha. Ni adabu nzuri, ndivyo tulivyolelewa. Lakini fikiria mama yako akikuuliza jioni, "Hujala?" Kama hujala, utamjibu, "Ndiyo, sijala." Ndiyo yetu inamkubalia muulizaji kile alichokisema. Waingereza hawajibu hivyo. Wao katika hali hiyo wangesema hapana. Basi mama aliposikia "hujawahi kulala njaa?" akasema "ndiyo", alikuwa na maana kwamba umepatia, hajawahi. Wewe ukaandika 1, na maana ya 1 kwenye dodoso lako ni kwamba alilala njaa. Maswali mawili mbele akakwambia chakula hakijawahi kukosekana. Mama yuleyule, maneno yaleyale, hakuna aliposhika huku akaachia kule. Wale unaoambiwa uwafute ndio waliokujibu sawasawa.

Pabaya ni kwamba wapo pia wanaosema "hapana, sijawahi", na wapo wanaosema "ndiyo" kwa maana ya kwamba ndiyo, walilala njaa. Ukiwa na kisanduku tu huwezi kuwatenganisha. Swali hilo limekufa, mwanangu. Lifute swali, wanawake uwaache. Na kwenye tasnifu yako lieleze wazi, ukurasa mzima ikibidi, ili atakayekuja nyuma yako asitumbukie shimo hilohilo.

Utauliza inawezekanaje wakati tafsiri ilihakikiwa. Njia uliyotumia, ya kutafsiri kisha kurudisha, ilielezwa kwa kina na Richard Brislin mwaka 1970, na vyuo vingi vinaitaka hadi leo. Inakamata neno lililorukwa na tarakimu iliyokosewa. Lakini haikamati kosa kama hili, na sababu ni rahisi. Rafiki yako ni msomi kama wewe. Aliposoma "hujawahi kulala njaa" alijua unatafuta nini, akalirudisha kwa Kiingereza kilichonyooka. Kiingereza chake ndicho kilichosoma Kiswahili chako.

Yalinikuta na mimi. Miaka ya nyuma nilitafsiri dodoso la afya lenye swali la huzuni. Kwa Kiingereza waliuliza kama mtu amejisikia "chini", nami nikaandika hivyohivyo: "Je, katika wiki mbili zilizopita umejisikia chini?" Likarudishwa kwa Kiingereza, likawa sawasawa na la awali, tukapongezana. Siku ya majaribio kule Iramba nikamuuliza mzee mmoja aliyefiwa na mkewe mwezi uliotangulia. Akanitazama kwa muda. Akauliza, "Chini wapi, mwalimu?" Nilifunga daftari. Tulizungumza tu, na katika mazungumzo akaniambia ana mawazo mengi, moyo wake mzito, na chakula hakipandi. Yote niliyokuwa nayatafuta yalikuwa kwenye hayo maneno yake. Nilikaa usiku ule nikiliandika swali upya kwa maneno ya mzee, na hadi leo najilaumu kwamba nilimwendea mfiwa na swali la namna ile.

Ndiyo maana nakuomba ufanye hivi kabla ya kurudi kijijini. Chukua akina mama sita au saba wasio kwenye sampuli yako, wasiojua Kiingereza. Msomee kila mmoja swali, kisha usimwombe jibu. Mwambie, "Hebu nieleze, hapa nimekuuliza nini?" Halafu nyamaza. Utajifunza asubuhi moja mambo ambayo mwaka mzima wa maktaba haukukupa.

Mambo mengine madogo niliyoyaona. Swali la 9, "Una ndugu wangapi?" Ndugu gani? Mtoto wa mama mdogo ni ndugu, wa baba mkubwa ni ndugu, na wa jirani aliyekua naye anaweza kuwa ndugu. Kama unataka wale wa baba mmoja na mama mmoja, sema hivyo, au sema wa tumbo moja kama unataka wa mama tu. Swali la 15, saa ya kuamka: mama anayesema saa kumi na moja anaamka kabla jua halijachomoza. Kama kishikwambi chako kinataka saa za Kizungu, geuza palepale uandike 5 alfajiri, la sivyo utaamini kijiji kizima kinalala hadi karibu na mchana. Na umri: asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa usimkisie kwa mikunjo ya uso. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani alipofariki Sokoine, 1984, au mzaliwa wake wa kwanza alikuwa anatambaa au anatembea wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, au Mwalimu Nyerere alipofariki, Oktoba 1999. Watu hukumbuka walikuwa wapi siku hizo.

La mwisho, mume asikae pale. Si lazima awe mkali. Akiwepo tu, ekari mbili zinakuwa zake.

Mwoneshe msimamizi wako barua hii kama ataipokea. Nami niko tayari kuzungumza naye.

Mwalimu, nafundisha darasa la awali na la kwanza katika kijiji cha wavuvi, mkoa wa Kigoma. Tuliletewa kadi za picha za kupima watoto wapya. Kadi moja ina ng'ombe, kuku, nyasi na mahindi, mtoto apange vinavyokaa pamoja. Jibu sahihi ni wanyama huku, mimea kule. Watoto wangu karibu wote wameweka ng'ombe na nyasi, kuku na mahindi. Kwa mujibu wa karatasi ya majibu nimewapa sifuri, na wazazi wawili wamekuja kuniuliza kama watoto wao ni wazito. Sikujua niwajibu nini. – Mwalimu wa kike, Kigoma

Mwalimu mwenzangu, waambie wazazi hao kwamba watoto wao wanajua ng'ombe anakula nini.

Nakusimulia kisa cha kweli kutoka Liberia. Miaka ya 1960, watafiti wa Kimarekani, akiwamo Michael Cole na Joseph Glick, walifanya kazi na wakulima wa Kikpelle. Waliwapa vitu 20, kama vyakula, zana, vyombo na nguo, wavipange kwa makundi. Watafiti walitarajia vyakula upande mmoja na zana upande mwingine. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa. Wakaweka jembe pamoja na kiazi, kwa kuwa jembe huchimbua kiazi. Mara kadhaa walisema mtu mwenye hekima hupanga hivyo. Mwishowe mtafiti akauliza, na mjinga angepangaje? Hapo wakavipanga vyakula huku, zana kule, bila kukosea hata kimoja.

Kisa hiki nimewasimulia walimu wengi na kila mara chumba kinanyamaza. Uwezo uliotafutwa walikuwa nao muda wote. Waliona tu kwamba kuutumia mahali pale ni upumbavu.

Watafiti haohao wa Liberia walijaribu pia jambo la mchele. Waliweka mchele kwenye bakuli na kuuliza ni makopo mangapi. Wakpelle, ambao hulima mpunga na kupima mchele kwa kopo, walikisia karibu zaidi na ukweli kuliko Wamarekani waliosoma. Hilo halitakushangaza wewe uliyekulia sokoni. Mtoto aliyekaa na mama yake kwenye meza ya dagaa anajua fungu la elfu moja kwa jicho, na akiona sado haijajaa anasema.

Na Zambia, mwaka 1979, Robert Serpell alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto wa Lusaka na wa Uingereza. Aliwapa kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa waya, Wazambia wakawashinda Waingereza, maana ni watoto waliokua wakitengeneza magari ya waya barabarani. Kwa udongo wakawa sawa. Ungewapima kwa kalamu peke yake ungeandika ripoti moja, kwa waya ungeandika nyingine, na watoto ni walewale. Hapo kijijini kwako naamini wapo wanaounda mitumbwi midogo ya mbao au mabua, yenye makasia na nyavu. Watazame wakiiunda kabla ya kuandika neno "mzito" kwenye karatasi yoyote.

Kadi zenyewe usizitupe. Shule ni lazima imfundishe mtoto kupanga kwa jinsi, wanyama na mimea, kwa sababu masomo yote ya sayansi yamejengwa juu ya mpango huo, na mitihani haitamsubiri. Lakini kumfundisha jambo jipya na kumhesabia kwamba hana akili ni vitu viwili mbalimbali. Mtoto akishapanga, muulize, "Kwa nini umeviweka hivi?" Liandike jibu lake kwa maneno yake pembeni ya ile sifuri. Kisha muulize, "Kuna namna nyingine?" Nimeona watoto wa miaka sita wakivuruga kadi na kuzipanga upya kwa namna ya kitabu, papo hapo, mara tu walipojua mwalimu anaitaka ipi. Hao hawahitaji darasa la wazito. Walihitaji kuambiwa mchezo unachezwaje.

Karatasi hizo, zenye majibu ya watoto pembeni, zipeleke kwa mwalimu mkuu na umwombe azifikishe kwa waliozileta kadi. Waliotengeneza kadi hawakuwa na nia mbaya. Wanahitaji kuyasoma majibu hayo kuliko mtu yeyote.

Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Houston, Marekani, mwaka wa tatu sasa. Mwanangu ana miaka saba. Nyumbani haishi kuongea. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti kwamba mtoto hajiamini, hamtazami mtu machoni na hajibu akiulizwa mbele ya wenzake. Wanataka kumpeleka kwa mtaalamu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuinamisha macho akisemeshwa na mkubwa. Nimemharibu? – Mama, Houston

Marahaba, mwanangu. Hujamharibu. Umempa heshima, na heshima hiyo imekutana na mtu asiyeijua.

Jambo hili Wamarekani wenyewe wamelichunguza nchini mwao. Susan Philips alikaa na watoto wa wenyeji wa asili katika eneo walilotengewa la Warm Springs, jimbo la Oregon, na maandishi yake yalianza kutoka miaka ya 1970. Watoto wale walinyamaza mwalimu alipomwita mmoja mmoja ajibu mbele ya darasa zima. Walipowekwa vikundi wafanye kazi wenyewe kwa wenyewe, waliongea na kufanya vizuri. Kwao mtu hasimamishwi peke yake mbele za watu ajaribu kitu ambacho bado hajakijua. Mwalimu aliyewaona saa ya kwanza peke yake angeandika ripoti kama hiyo uliyoletewa.

Usikatae mtaalamu. Nenda, sikiliza, huenda kuna jambo la masikio au macho na ni vema lijulikane mapema. Lakini kabla ya hapo mwandikie mwalimu wa mtoto. Mwambie kwamba nyumbani kwenu mtoto anayemkazia mkubwa macho anaonekana mjeuri, na kwamba anapoinamisha kichwa anamsikiliza kwa makini. Mwombe amtazame akiwa na wenzake wawili watatu kwenye kazi ya kikundi, aone kama ni mtoto yuleyule. Mrekodi akikusimulia hadithi jioni, dakika mbili tu, umpelekee mwalimu asikie, hata kama ni Kiswahili kitupu.

Mtoto naye mweleze, bila kumtisha. Mwambie shuleni macho yanatazama juu, na bibi akipiga simu ya video kutoka nyumbani yanainama. Miaka saba si midogo kwa hilo. Anajua tayari viatu vya shule ni vipi na vya ndani ni vipi.

Barua yako kwa mwalimu ukishaiandika, mpe mwenyewe aipeleke, aitoe kwa mikono miwili kama ulivyomfundisha. Nawe ukipata majibu, niandikie. Nitapenda kujua mwalimu amesemaje.